Kulipa Ziara

Miaka kumi na minne nabeba chupa
katika hoteli ya Shangani, ghorofa ya juu,
na tone halijapita kooni mwangu.
Pua ndiyo iliyosoma. Pua na masikio.
Nazijua kwa kizibo, kwa rangi ukingoni mwa bilauri,
kwa mgeni anavyofumba jicho moja
akasema: hii ina pilipili manga, hii ina ngozi ya kiatu,
na hii (hapo hushusha sauti) ina karafuu.
Miye huinama tu. "Ndiyo, bwana, karafuu."
Kavuka bahari tatu kuja kunusa ndani ya bilauri
kilichoanikwa barabarani Mtambwe,
ambacho hata gari hukiepa kwa adabu.

Sasa Madamu Odile kaniita ofisini.
"Vuai, wewe ndiye mfanyakazi wa mwaka.
Wiki moja, nchi ya mvinyo, chagua mwenyewe.
Nataka jibu kabla ya Ijumaa."
Kanipa karatasi yenye majina manne.

Jikoni kila mtu ana ramani yake.
Mpishi asema Toskana,
kaiona kwenye kalenda, miti imesimama kama mishumaa.
Wa mapokezi asema Stellenboshi, nauli ndogo.
Ndahani, mzaliwa wa Hombolo, kakasirikia sufuria:
"Kwetu Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka,
nawe watafuta pasipoti!"
Nikamwambia karatasi inasema ng'ambo.
"Kwani kwenda Dodoma huvuki maji?"
Sikuwa na jibu. Nikapangusa vijiko.

Tatu, mke wangu, hakuuliza nchi.
"Utakula nini? Utaelekea kibla vipi?
Na watu wa Kikwajuni wakiniuliza umefuata nini huko,
niwaambieje?"
"Waambie kalipwa akanuse."
Hakucheka. Halafu, akiwa kanipa mgongo, akacheka.

Nikaanza kuwauliza wageni walioziona nchi hizo:
wavunaji hula nini adhuhuri?
Wakanitajia mwaka wa jua zuri, mteremko, pipa la mwaloni.
Chakula cha wavunaji hakuna aliyekiona.
Ila bibi mmoja wa meza ya saba, Dona Graziela,
aliweka uma chini.
Mamake alikanyaga zabibu kando ya mto Duro,
miguu ikabaki ya zambarau mpaka Krismasi,
na adhuhuri walikula samaki mkavu wa chumvi, kwa mkono,
wamekaa chini.
Ng'onda, nikasema moyoni.
Nikamwona shangazi Bi Mkasi usiku anachambua,
makonyo huku, karafuu kule, pishi baada ya pishi,
vidole vimeingia weusi,
harufu inamfuata hata kwenye udhu.

Jana nikampigia simu Pemba.
"Ureno?" Kimya. Kisha kicheko, kimekwaruzwa na mtandao.
"Hao si ndio waliotuachia mchezo wa ng'ombe?
Walikuja bila kualikwa, mwanangu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
wale walikaa miaka mia mbili na mpini hawakuushika.
Nenda. Ziara hulipwa.
Lakini usituaibishe:
ikifika siku ya tatu, omba kazi."

Basi fomu naijaza leo kwa kalamu ya kaunta.
Nchi: Ureno.
Mwezi: Septemba, zabibu zikiwa bado mtini.
Kinywaji ndani ya ndege: maji.
Sababu ya safari: kisanduku kidogo, maneno hayaenei.
Nimeandika "kikapu", nikafuta,
nikaandika tena.

Mfukoni nitatia konzi ya karafuu,
nimpe wa kwanza nitakayemkuta kakaa chini anakula.
Asinieleze kitu. Anuse tu.

Tatu yuko kwa jirani, anaulizia sweta.